Roboti Darasani Akheri: Wanafunzi Wanajifunza Nini, na Sisi Tuchangie Nini?



Tulipowasilisha taarifa ya miradi ya elimu katika kikao cha usharika mmoja, mzee wa kanisa alinyoosha mkono na kuuliza: "Paa la darasa linavuja, choo cha wasichana hakijaisha, na ninyi mnatuletea habari za roboti. Hiyo roboti itatusaidia nini?" Baadhi ya wajumbe walicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Fedha inayozungumzwa ni sadaka. Nyingine imetoka kwa mama aliyeuza mkungu wa ndizi sokoni Tengeru, na nyingine imetoka kwa washarika wa nchi za mbali ambao hawajawahi kuuona mlima Meru. Wote wanastahili kujua inatumikaje.

Katika makala hii tunajaribu kumjibu mzee wetu. Tutaeleza roboti ya darasani ni kitu gani, wanafunzi wanaijengaje, wanajifunza nini hasa, tulikosea wapi, na ni mchango wa namna gani unaofaa.

Roboti ni nini?

Wengi wakisikia neno roboti hufikiria mtu wa chuma wa kwenye sinema. Neno lenyewe lilipata umaarufu kupitia tamthilia ya mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, iliyochapishwa mwaka 1920. Alilichukua kutoka neno la lugha yake lenye maana ya kazi ya kulazimishwa.

Kwa mwanafunzi, maana iliyo rahisi ni hii: roboti ni mashine inayofanya mambo matatu kwa mfuatano, yaani kuhisi, kuamua na kutenda. Pasi ya umeme inayojizima ikipata moto sana inahisi na kutenda, lakini uamuzi wake ulikwisha kupangwa kiwandani. Roboti inatofautiana na pasi kwa sababu uamuzi wake umeandikwa kwa maneno, na aliyeuandika anaweza kuufuta na kuuandika upya. Maneno hayo ndiyo programu.

Roboti ya darasani ni ndogo, inatosha juu ya kitabu kikubwa. Haina kichwa wala mikono. Ni kigari cha magurudumu mawili chenye kazi moja tu: kufuata mstari mweusi uliobandikwa kwenye karatasi nyeupe ya manila.

Inajengwaje?

Wanafunzi hukaa katika makundi ya watu wanne. Kila kundi huanza na kipande cha plywood au mfuniko mgumu wa ndoo ya plastiki. Hicho ndicho kiwiliwili. Chini yake hufungwa mota mbili ndogo, moja kwa kila gurudumu. Mbele huwekwa kitu cha kuteleza, hata gololi iliyozuiwa isitoke, ili kigari kisiburuze pua. Juu hukaa betri, pamoja na ubao mdogo wa kielektroniki ambao kwa kweli ni kompyuta ndogo. Ubao unaotumika sana mashuleni duniani ni Arduino, uliobuniwa mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi wasio wahandisi.

Hapa wanafunzi hukutana na fizikia waliyoisoma ubaoni. Tundu moja la ubao huo linapaswa kutoa umeme wa takribani miliampea 20 tu, wakati mota ndogo inahitaji mara kadhaa ya kiasi hicho. Ukiunganisha mota moja kwa moja, ubao unaweza kuungua. Kwa hiyo katikati huwekwa kifaa kinachopokea amri ndogo kutoka kwenye ubao na kuruhusu umeme mwingi wa betri kwenda kwenye mota. Mwanafunzi aliyekariri kanuni ya Ohm kwa ajili ya mtihani sasa anaihitaji ili asiunguze kifaa cha darasa zima.

Mwisho hufungwa vihisi viwili chini ya pua ya kigari, kimoja kila upande wa mstari. Kila kihisi hutoa mwanga usioonekana kwa macho, uitwao infraredi, kisha hupima ni kiasi gani kimerudi. Karatasi nyeupe hurudisha mwanga mwingi. Tepu nyeusi ya fundi umeme huumeza sehemu kubwa. Kwa njia hiyo kihisi hujua kama kiko juu ya nyeupe au juu ya nyeusi.

Programu: mfano wa mfereji

Sehemu inayowatisha watu wazima ni programu. Lakini wazee wa Akheri wanaifahamu kuliko wanavyodhani, kwa sababu wamekua na mifereji ya maji inayoteremka kutoka mlimani. Anayepewa zamu ya maji hupewa maagizo: fungua lango asubuhi, maji yakifika mwisho wa shamba la kahawa, ziba, yakizidi, rudisha kwenye mfereji mkuu, kisha mpishe jirani. Maagizo hayo yana mpangilio, yana sharti, na yanarudiwa kila zamu. Programu haina zaidi ya mambo hayo matatu.

Wanafunzi huandika programu kwanza kwenye daftari, tena kwa Kiswahili:

1. Kama vihisi vyote viwili vinaona nyeupe, nenda mbele.
2. Kama kihisi cha kushoto kinaona nyeusi, pinda kushoto.
3. Kama kihisi cha kulia kinaona nyeusi, pinda kulia.
4. Kama vyote viwili vinaona nyeusi, simama.
5. Rudi kwenye agizo la kwanza.

Baada ya hapo ndipo huyaingiza maagizo hayo kwenye kompyuta kwa lugha ya programu, na kuyahamishia kwenye ubao kwa waya. Ubao huyarudia mamia ya mara kwa sekunde bila kuchoka.

Tunasisitiza Kiswahili katika hatua hiyo ya daftari kwa sababu tuliona tofauti. Masomo ya sekondari yanafundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi akiulizwa kwa lugha hiyo mara nyingi hunyamaza hata kama jibu analo. Kundi likibishana kwa Kiswahili kuhusu agizo la tatu, hata aliyekuwa kimya mwezi mzima huingia katika ubishi. Maneno ya Kiingereza huja baadaye, yakiwa na kitu cha kushikilia.

Siku roboti ilipokataa

Tulihudhuria siku ya wazazi katika shule moja ya sekondari ya eneo la Akheri. Wanafunzi walikuwa wamejaribu kigari chao darasani jana yake, nacho kilifuata mstari vizuri. Siku hiyo waliipeleka karatasi ya manila nje ili watu wote waone. Ilikuwa inakaribia saa sita mchana na jua lilikuwa kali.

Kabla ya kuanza, babu mmoja aliinama, akakitazama kigari na kumwuliza binti aliyekishika: "Mjukuu wangu, nani anaisukuma?"

"Shikamoo babu. Hakuna anayeisukuma. Inaona mstari, inafuata."

Kigari kikawashwa. Kilikwenda moja kwa moja, kikauacha mstari kwenye kona ya kwanza, kikatoka kwenye karatasi na kuingia kwenye maua. Watu wakacheka. Wakarudia, nacho kikaingia kwenye maua tena.

Mwalimu angeweza kukichukua, kukirekebisha mwenyewe na kuokoa heshima ya shule. Hakufanya hivyo. Aliwauliza wanafunzi swali moja: "Nini kimebadilika tangu jana?"

Kijana mmoja alisema betri zimechoka. Wakabadilisha betri, kigari kikaenda kwenye maua kwa kasi zaidi. Mwingine alisema programu imeharibika. Wakaisoma mstari kwa mstari, ilikuwa ileile ya jana. Waliangalia nyaya, zote zilikuwa mahali pake. Mwalimu alipoinama kukiokota kigari kwa mara ya nne, kivuli chake kiliangukia pua ya kigari, nacho kikapinda. Binti yule aliona. Alichukua daftari lake, akalifunika juu ya kigari kama mwavuli, akatembea nacho. Kigari kikafuata mstari mpaka mwisho.

Kumbe jua lina infraredi nyingi. Nje, mwanga huo ulikuwa kila mahali, na vihisi vikawa vinaiona tepu nyeusi kana kwamba ni nyeupe. Kwa maagizo waliyoyaandika wenyewe, vyote viwili vikiona nyeupe, nenda mbele. Kigari kilikuwa kinatii. Kabla wazazi hawajaondoka, kundi lile lilikata boksi la biskuti na kukivisha kigari sketi ya kuzuia jua. Babu alibaki kuangalia mpaka mwisho, kisha akamwambia mwalimu kwamba hata mfereji wake hufanya hivyo: ukiona maji hayafiki shambani usimlaumu mfereji, panda juu ukaangalie kilichobadilika.

Hapo ndipo tulipopata jibu la kwanza kwa mzee wa kanisa. Wanafunzi hawa wanajifunza namna ya kutafuta kosa: kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, kupima, kuandika kilichotokea, na kutokubali jibu kwa sababu tu aliyelisema ana sauti kubwa. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Katika mitihani yetu, jibu likiwa na kosa linapigwa alama ya mkasi na habari inaishia hapo. Katika roboti, somo linaanzia kwenye kosa. Kigari pekee hakitampa mtoto ajira. Lakini kuhisi, kuamua na kutenda kupo pia katika mashine ya kutotolea vifaranga, katika pampu inayojizima tangi likijaa, na katika vifaa vya hospitali zetu. Vifaa hivyo vikiharibika leo, mara nyingi tunamsubiri fundi kutoka mbali.

Si jambo geni

Kufundisha kwa njia hii kuna historia ndefu, na Waafrika wamo ndani yake. Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, alikuwa mmoja wa watu waliotengeneza lugha ya programu ya watoto iitwayo Logo mwaka 1967 huko Marekani. Lugha hiyo ilitumika kuongoza roboti ndogo iliyoitwa kobe, ambayo ilitembea sakafuni ikichora kwa kalamu. Papert alishikilia kwamba mtoto hujifunza zaidi anapotengeneza kitu na kukisahihisha kuliko anapopokea jibu.

Mwaka 2012, Ayorkor Korsah wa Chuo Kikuu cha Ashesi, Ghana, na Ken Goldberg wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walianzisha mtandao wa roboti wa Afrika uitwao AFRON. Wakatangaza shindano la kubuni roboti ya kufundishia kwa bei isiyozidi dola 10. Mmoja wa washindi, Thomas Tilley aliyeishi Thailand, alitumia rimoti ya michezo ya kompyuta na pipi mbili za vijiti. Pipi zilifanya kazi ya uzito: kigari kikigonga kitu, ziliyumba na kuijulisha kompyuta. Gharama yake ilikuwa dola 8.96.

Karibu zaidi nasi, Solomon King Benge alianzisha Fundi Bots nchini Uganda mwaka 2011. Jina hilo linabeba neno letu wenyewe, fundi. Shirika hilo lilianza kwa kuwafundisha wanafunzi wa shule za Uganda kujenga roboti, na baadaye likapanua kazi hadi ufundishaji wa sayansi kwa vitendo kwa ujumla. Hapa Arusha iko karakana ya Twende. Mmoja wa waasisi wake, Bernard Kiwia, alianza kama fundi baiskeli na akajulikana kwa ubunifu kama chaja ya simu inayoendeshwa na baiskeli. Karakana hiyo imewafundisha vijana kutengeneza zana zao wenyewe kwa vitu vilivyopo mtaani.

Aidha, serikali yetu imeelekea huko. Mitaala mipya, iliyotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023, ilianza kutumika Januari 2024, na katika sekondari kuna mkondo wa amali sambamba na mkondo wa jumla. Shule za kanisa zisipojiandaa kwa vitendo, zitabaki na vitabu vya vitendo.

Tulipokosea

Tunaona ni wajibu kueleza pia tulipokosea. Kabla ya jambo hili, ofisi yetu iliwahi kupokea kwa furaha maboksi ya vifaa vya kompyuta kwa ajili ya shule moja. Tulipiga picha, tukatuma barua ya shukrani, tukaandika taarifa. Miezi mingi baadaye tulivikuta vifaa vile stoo, vimefungwa kama vilivyokuja, na ufunguo ukiwa kwa mtu aliyehamishwa. Hakuna mwalimu aliyekuwa amefundishwa kuvitumia, na hakuna kipindi kilichokuwa kimetengwa kwenye ratiba. Mfadhili alitimiza ahadi yake. Sisi ndio hatukuuliza maswali yaliyopaswa.

Kosa la pili lilikuwa ndani ya darasa. Katika vipindi vya kwanza, wavulana walikimbilia bisibisi na wasichana wakapewa kazi ya kuandika daftari. Hakuna aliyewaamuru, ilitokea tu, nasi tuliona kama jambo la kawaida. Sasa kila kundi lina kazi nne: fundi, mwandishi wa programu, mpimaji, na mtunza daftari. Zamu hubadilika kila kipindi na hakuna anayeruhusiwa kuuza zamu yake. Binti aliyeona kivuli siku ya wazazi alikuwa mpimaji siku hiyo. Kwa utaratibu wa zamani angekuwa pembeni akiandika.

Je, paa au roboti?

Tunarudi kwa mzee wetu. Kama fedha ya usharika inatosha jambo moja tu, ezekeni paa na malizeni choo. Binti anayekosa siku za masomo kila mwezi kwa sababu shule haina choo chenye staha hawezi kunufaika na roboti, wala na somo lolote lingine. Hatutaomba sadaka ya paa igeuzwe kuwa betri.

Hata hivyo, jambo hili halihitaji fedha nyingi kama watu wanavyodhani. Kigari kimoja hutumiwa na wanafunzi wanne, hufunguliwa mwisho wa muhula, na vipande vyake hujengwa upya na kundi linalofuata. Kinachogharimu zaidi ni muda wa mwalimu: siku za kujifunza yeye mwenyewe kwanza, nauli, na saa za alasiri anazobaki shuleni. Wafadhili wengi hupenda kutoa kifaa kwa sababu kinapigika picha. Muda wa mwalimu haupigiki picha, lakini ndio unaotoa vifaa stoo.

Kwa hiyo tunapendekeza kamati za sharika, kabla ya kupokea au kuomba vifaa vya namna hii, ziiulize shule maswali haya:

- Ni walimu gani wawili, si mmoja, watakaofundishwa, ili mmoja akihamishwa kazi isife?
- Kipindi kiko siku gani na saa ngapi kwenye ratiba?
- Nyaya, betri za kuchaji na mota zikiharibika, nani atanunua, na kwa fungu gani?
- Ufunguo wa stoo uko kwa nani, na wanafunzi wanaupataje mwalimu asipokuwepo?

Shule ikijibu maswali yote manne kwa majina na tarehe, ianzeni na makundi machache. Ikishindwa hata moja, subirini.

Kwa wafadhili wetu, ombi letu ni kwamba mnapofikiria kutoa seti kumi, fikirieni kutoa seti tano pamoja na mafunzo ya walimu na fungu dogo la vipuri kwa miaka miwili. Kwa sharika zilizo jirani nasi, kumbukeni kwamba tuna majirani wenye ujuzi. Taasisi ya Nelson Mandela iko hapa Tengeru na imepokea wanafunzi tangu mwaka 2011. Chuo cha Ufundi Arusha kilianzishwa mwaka 1978. Washarika wenu wamo miongoni mwa wanafunzi na watumishi wa vyuo hivi. Mwaliko wa mchungaji, na Jumamosi moja ya kujitolea, vinaweza kumsaidia mwalimu wa sekondari kuliko boksi lolote.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, tunasoma habari za Bezaleli, ambaye Mungu alimjaza Roho wake ili apate ustadi wa kazi za mikono: dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Basi ustadi wa fundi umehesabiwa humo kuwa kipawa cha Roho. Tukiwafundisha watoto wetu kutengeneza na kusahihisha, tunatunza kipawa ambacho tayari kimetolewa.

Sharika zinazotaka kuona darasa likiendelea zinakaribishwa kuwasiliana na ofisi ya miradi ya dayosisi ili kupanga siku. Tunashauri mje siku ya kawaida ya vipindi, siyo siku ya maonyesho, na mkae mpaka kitu kiharibike. Hakitachelewa.